Safari ya Marsabit: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa na kazi Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Siku ya kwanza nilishuka kwenye basi na feni mkononi, maana nilikuwa nimeambiwa naenda jangwani. Usiku ule nililala na soksi miguuni na taulo juu ya blanketi. Tangu hapo kila ndugu au rafiki anayetaka kuja huku hunipigia simu, na maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa.

Marsabit ni mji, mlima au kaunti?

Vyote vitatu. Kaunti ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 70,000, kutoka Merille upande wa kusini hadi mpaka wa Ethiopia, na kutoka Ziwa Turkana hadi tambarare zinazopakana na Wajir. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785. Ukigawanya, hawafiki watu saba kwa kilomita moja ya mraba, na sehemu kubwa yao wako Moyale, mji wa mpakani, na kwenye mlima. Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika, umesimama peke yake katikati ya nyika, na mji umekaa mgongoni mwake.

Kwa hiyo ni jangwa au si jangwa?

Inategemea umesimama wapi. Chalbi ni jangwa hasa: sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana, chumvi nyeupe na udongo, hakuna hata kichaka. Dida Galgalu, kaskazini ya mji, ni uwanda wa mawe meusi ya volkano usioisha machoni. Uwanda mkavu wa Kaisut uko kusini. Lakini mlima wa Marsabit una msitu, kwa sababu hewa yenye unyevu inayotoka upande wa Bahari ya Hindi husafiri mamia ya kilomita juu ya ardhi kavu bila kukutana na kitu, hadi igonge mlima huu na kugeuka ukungu. Kuna asubuhi huoni duka la ng'ambo ya barabara. Saa tano jua linatoka, na ukiteremka mwendo wa saa moja tu kwa gari unavua sweta, kisha shati lenyewe unalionea uzito.

Kwa nini wazee wa huku husema "nashuka Kenya" wakienda Nairobi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na asiyeliuliza nitamjibu vile vile.

Si mzaha. Mkoloni Mwingereza hakuitaka kaskazini kwa kilimo wala kwa makazi. Aliitaka iwe ukuta kati ya mashamba ya walowezi na dola ya Menelik wa Ethiopia. Sheria ya mwaka 1902 iliifanya kuwa eneo lililofungwa, huingii bila kibali. Ikaitwa NFD, herufi za jina la Kiingereza la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mpaka leo utawasikia watu wakitamka "en-ef-di" kama wanataja nchi. Sheria nyingine ya 1934 ikawapa maafisa uwezo wa kukamata watu na kutaifisha mifugo ya jamii waliyoihesabu kuwa yenye uadui. Shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, barabara ndizo hizo hizo za magari ya serikali.

Vita vya Pili vya Dunia vilifika hapa kabla ya lami: Waitaliano waliteka Moyale mwaka 1940, ikarudi mikononi mwa Waingereza mwaka uliofuata.

Uhuru ulipokaribia, tume ilitumwa 1962 kuwauliza watu wa NFD wanataka nini, na wengi, hasa Wasomali, wakataka kujiunga na Somalia. Hawakukubaliwa. Likafuata lile ambalo serikali iliita vita vya shifta, yaani majambazi, na hali ya hatari ikatangazwa Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera kupandishwa Nairobi. Kenya na Somalia zilipatana Arusha, Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kaunda wa Zambia. Hata hivyo sheria za hali ya hatari hazikufutwa mpaka 1991. Yaani mtu aliyezaliwa huku mwaka wa uhuru alifikisha miaka 28 ndipo akapata sheria sawa na mwenzake wa Nakuru. Pale Isiolo palikuwa na kizuizi ambacho kila gari lilisimama likaandikwa. Upande mmoja Kenya, upande wa pili en-ef-di.

Basi ukitazama ramani ukaona Marsabit iko mbali, jua kwamba sehemu ya umbali huo iliwekwa na karatasi za serikali. Kwa lami, kutoka Nairobi ni safari ya mchana mmoja.

Nitafikaje?

Mabasi hutoka Nairobi kila siku, mengi yakianzia Eastleigh, yanapita Isiolo, Archers Post, Merille na Laisamis. Ni kama kilomita 550, saa tisa hivi ukihesabu vituo vya chai na vizuizi vya polisi. Beba kitambulisho au pasi mahali pa kufikia upesi, kwa sababu utaombwa zaidi ya mara moja.

Vijana hawajui walichokipata. Kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010, kutoka Isiolo hadi Moyale watu walipanda juu ya malori ya ng'ombe, wakashikilia vyuma, siku mbili au tatu za vumbi, malori yakifuatana kwa msafara wenye askari. Jirani yangu mmoja ana kovu kwenye paji la uso ambalo yeye huliita "stakabadhi ya Dida Galgalu".

Ndege ndogo za kukodi hutua Marsabit na Loiyangalani. Ni ghali, na utakosa kumwona Ololokwe, ule mlima wa jiwe tupu uliosimama kama meza pembeni ya barabara huko Samburu.

Gari dogo linatosha?

Kutoka Nairobi hadi Marsabit na Moyale, ndiyo, ni lami tupu. Ukiiacha lami, hapana. Unahitaji gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, spea mbili, pampu, koleo, na mafuta ya akiba, kwa kuwa baada ya Marsabit petroli utaipata zaidi kwenye mitungi, si kwenye pampu.

Na usiiamini ramani ya simu. Mimi niliiamini. Tulikuwa tunakatiza Chalbi kuelekea Kalacha, wiki moja baada ya mvua, na njia ya kawaida ilikuwa inazunguka mbali. Simu ikaonyesha mstari ulionyooka. Ardhi ilikuwa nyeupe, imekauka, inalia chini ya matairi kama biskuti. Mita mia tano mbele ile biskuti ikavunjika. Chini yake palikuwa na tope la rangi ya kijivu, laini kama uji wa mtama, na gari likakaa juu ya tumbo lake. Tulichimba kwa sahani za chakula kuanzia saa nne mpaka saa nane. Akatokea mzee wa Kigabra na ngamia watatu, sijui ametoka wapi kwa maana pale unaona mpaka upeo wa macho. Hakucheka. Alitusalimu, akauliza habari za tulikotoka, za mvua, za mifugo njiani, tukajibu yote huku tumepakwa tope mpaka nyusi. Kisha ndipo akasema tupunguze upepo wa matairi, na akatuonyesha upande ambao ungetuvusha. Dakika arobaini tulikuwa juu. Nilimuuliza amejuaje. Akasema nyayo za ngamia wake zilizama kidogo upande ule kuliko huu.

Kwa hiyo kodi gari pamoja na dereva wa huku. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kiburi.

Nije lini?

Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikinyesha vizuri, Chalbi hugeuka ziwa la muda na huvuki. Zisiponyesha, ni maafa kwa wenyeji, na mgeni mwenye adabu hasemi "afadhali hali ya hewa nzuri" mbele ya mtu ambaye mbuzi wake wanakufa.

Usalama ukoje? Niambie ukweli.

Barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale hupitiwa mchana na familia, wafanyabiashara na watalii bila tatizo. Lakini kaunti hii imewahi kuumia. Julai 2005 kijiji cha Turbi kilivamiwa, watu zaidi ya hamsini wakauawa, wakiwemo watoto wa shule. Aprili 2006 ndege iliyobeba viongozi waliokuwa wakija kusuluhisha ilianguka mlimani Marsabit na watu 14 wakafa, akiwemo Bonaya Godana, mbunge wa North Horr na aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Mwaka 2022 serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya mauaji. Chanzo ni mchanganyiko wa malisho, maji, wizi wa mifugo na siasa za uchaguzi, na wageni si walengwa, ila risasi haiulizi.

Ninachofanya mimi: sisafiri usiku. Kabla ya kutoka mjini nauliza watu wawili tofauti, mmoja dereva wa lori na mwingine ofisi ya chifu au polisi, na nawauliza kuhusu njia ile ile ya siku ile ile. Wakitofautiana, sisafiri. Maeneo ya mpakani kabisa kama Forole, Dukana na Ileret usiende bila mtu wa huko.

Mjini Marsabit kuna nini cha kuona?

Hifadhi ya taifa iko mlangoni pa mji, unaweza kwenda kwa bodaboda hadi getini. Ndani ni msitu, na ndani ya msitu ni makasoko ya volkano, ambayo Waborana huyaita gof. Katika mojawapo limo Ziwa Paradise. Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliokuwa wakipiga filamu za wanyama, walipiga kambi kandoni mwake miaka ya 1920 wakakaa miaka kadhaa. Ukifika asubuhi, ukungu ukiwa unainuka majini na nyati wanakunywa, utaelewa kwa nini hawakuwa na haraka ya kurudi kwao. Ukame mkali hulipunguza ziwa, hata likawa tope, kwa hiyo uliza kwanza.

Hapa ndipo alipoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, akawekewa walinzi usiku na mchana. Alikufa kwa uzee mwaka 1974. Sanamu yake iko kwenye uwanja wa Jumba la Makumbusho la Nairobi; wengi wamepiga picha chini yake bila kujua kwao ni wapi. Ndovu wengine bado wapo, pamoja na tandala wakubwa, ingawa msitu ni mzito na unaweza kuzunguka nusu siku ukaona kinyesi tu. Mimi nimewaona zaidi barabarani kuliko ndani ya hifadhi.

Kiingilio hulipwa kwa mfumo wa serikali wa mtandaoni, eCitizen. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya tangu Juni 2020, kwa hiyo beba chupa ya kujaza.

Ukitoka mjini kuelekea Moyale, kilomita chache tu, simama kwenye Gof Choba. Halina kiingilio, halina kibao cha maana, na ni shimo kubwa linalokufanya unyamaze.

Ni kweli kuna visima vinavyoimba?

Wanaoimba ni watu. Wakati wa kiangazi Waborana huchota maji kwenye visima virefu vilivyochimbwa kwa mikono. Vijana hupangana kwenye vidato vya ukuta wa kisima, mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa akiwa majini. Ndoo iliyojaa hupanda kutoka mkono hadi mkono, tupu hushuka, na wimbo ndio unaoshika mapigo: wa chini anaanza, wa juu anapokea, wanawasifu ng'ombe. Ndoo ikichelewa nukta moja wimbo unakatika na maji yanamwagika kichwani mwa mwenzako. Nimekaa nikawatazama saa nzima na sikuona tone lililopotea ovyo. Juu, maji humiminwa kwenye hori la udongo, na ng'ombe wanasubiri mbali, kundi kwa kundi, kama watu kwenye foleni ya benki. Zamu hupangwa na mtu maalumu anayeitwa abba herega, na ukoo wenye kisima una usemi wake. Mvua ikinyesha mifugo hutawanyika na huwezi kuona kitu.

Usiende peke yako na kamera shingoni. Nenda na mtu anayejulikana pale, omba ruhusa, na uwe tayari kukataliwa. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku hakuna jembe. Mwenzangu mmoja alipewa ndoo siku ile ile ya kwanza, akadumu dakika sita.

Ziwa Turkana linafikiwaje, na kuna nini?

Njia mbili. Ya kwanza inaacha lami Laisamis. Kilomita 208 hadi Sarima zilitengenezwa upya na kampuni ya umeme wa upepo ili kupitisha mitambo yake, kisha unamalizia juu ya mawe hadi Loiyangalani. Ya pili inatoka Marsabit mjini kupitia Maikona, Kalacha na North Horr, inakatiza Chalbi, na ndiyo nzuri zaidi kwa macho. Yoyote utakayochagua, ihesabu siku nzima.

Unatembea juu ya mawe meusi ya lava saa kadhaa, umechoka, mgongo unauma, kisha gari linapanda kilima cha mwisho na ziwa linatokea chini, la kijani, refu karibu kilomita 250, na hakuna mti mmoja kandoni mwake. Ndilo ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani. Maji yake karibu yote huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na hayana pa kutokea isipokuwa kupaa hewani, ndiyo maana yana magadi. Mwaka 1888 Sámuel Teleki, Mhungari, alifika hapa akaliita kwa jina la Rudolf, mwana mfalme wa Austria, kana kwamba wavuvi waliokuwa wakilinywa hawakuwa na jina lao. Lilipewa jina la Turkana mwaka 1975. Mbuga zake za taifa ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, na tangu 2018 ziko kwenye orodha ya zilizo hatarini, kwa hofu ya mabwawa yaliyojengwa mtoni Omo.

Loiyangalani yenyewe ni chemchemi, mikoma mingi, na jamii tano zinazoishi bega kwa bega: Waturkana, Wasamburu, Warendille, Wagabra na Waelmolo. Waelmolo ni wachache sana, sensa ya 2019 iliwahesabu 1,104, na ni watu wa samaki katikati ya watu wa ngamia. Lugha yao ya asili imekaribia kupotea, wengi huzungumza Kisamburu. Kijiji chao cha Komote kilikuwa kwenye rasi. Maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni mpaka kikawa kisiwa, na watoto huenda shule kwa mashua. Kuna jumba dogo la makumbusho juu ya kilima, lilifunguliwa 2008, na ukiwa mwenye subira mlinzi atakueleza kuliko maandishi ya ukutani.

Onyo kuhusu usiku. Jua likizama, upepo huanza kuteremka kutoka Mlima Kulal, wenye urefu wa mita 2,285, na haushuki kama upepo wa baharini unaotuliza. Unakuja kama lori. Hema ambalo halikufungwa kwa mawe litaamkia ziwani. Mara ya kwanza nilikaa macho usiku kucha nikingoja dhoruba ipite, asubuhi nikamwambia mama wa gesti, "Mama, jana palichafuka." Akanitazama. "Jana ilikuwa shwari, mwanangu."

Ukitaka kuona watu wengi pamoja, uliza tarehe ya tamasha la utamaduni la Ziwa Turkana. Vyumba hujaa mapema.

Naweza kuogelea ziwani?

Mamba.

Na Koobi Fora?

Iko kaskazini zaidi, ndani ya Mbuga ya Sibiloi iliyoanzishwa 1973, na ni safari ya watu waliojiandaa: maji yenu, mafuta yenu, chakula chenu. Ni huko ambako Bernard Ngeneo, Mkenya katika kikosi cha mtafiti wa mabaki ya kale Richard Leakey, aliokota mwaka 1972 vipande vya fuvu ambalo wataalamu hulijua kwa namba 1470, la binadamu wa kale aliyeishi karibu miaka milioni mbili iliyopita. Kuna pia magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Yule mtoto maarufu wa Turkana, mifupa iliyopatikana 1984, alitoka ng'ambo ya magharibi ya ziwa, kaunti nyingine; waongozaji wengine huchanganya.

Ile mitambo ya upepo inaonekana?

Huwezi kuikosa. Ni 365, kila mmoja una mabawa matatu, na uwezo wao kwa jumla ni megawati 310. Ilizinduliwa rasmi Julai 2019. Umeme huo husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ukipita juu ya manyatta zinazowasha koroboi. Wenyeji walikwenda mahakamani kuhusu ardhi, na mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati zilitolewa kinyume cha utaratibu. Ukiuliza habari hizi kijijini, keti kwanza, maana jibu ni refu.

Nitakula nini?

Nyama ya mbuzi, nyama ya ngamia, wali, tambi, chapati, na chai ya maziwa yenye sukari ya kukufanya uhesabu meno. Maziwa ya ngamia hukaa kwenye vibuyu vilivyofukizwa kwa moshi wa kuni, na hiyo ladha ya moshi si kwamba yameungua. Usinywe lita nzima siku ya kwanza, tumbo lako halijayazoea.

Tafuta nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, hukaushwa, hukaangwa, kisha huhifadhiwa ndani ya mafuta yake na hukaa miezi bila friji. Ilikuwa chakula cha safari ya ngamia, leo ni chakula cha wageni wa heshima na wanafunzi wa bweni. Unaila kwa kijiko, na chai. Ukikaribishwa na wazee unaweza kupewa buni, kahawa nzimanzima iliyokaangwa kwenye samli: zinatafunwa, na dua husomwa juu yake. Ipokee kwa mikono miwili.

Loiyangalani kuna samaki, sangara na ngege, wabichi wa asubuhi. Asiyekula nyama atajitesa kidogo. Maharagwe yapo, mboga za majani ni za mlimani tu.

Nitalala wapi?

Mjini Marsabit na Moyale kuna hoteli za kila bei. Kwingineko ni gesti za kawaida, nyumba za wageni za misheni, na kambi. Maji ya kuoga huja kwenye ndoo.

Nivaeje?

Nguo nyepesi zinazofunika. Mji una Waislamu wengi, na hata wasio Waislamu huheshimu stara. Kina dada, leso mbili zitawasaidia kuliko suruali tano za safari: moja ya kichwa, moja ya vumbi. Viatu vilivyofunga kwa sababu ya miiba na nge. Na sweta. Tafadhali, sweta.

Salamu zao ni zipi?

Kiswahili kinatosha karibu kila mahali. Ukisema "nagaa", ambalo ni amani kwa Kiborana na Kigabra, nyuso zitafunguka. Kwa Wasamburu, "supa". Muhimu zaidi ni urefu: usikimbilie shida yako. Mtu akikuuliza habari za njia, anataka habari kweli, kwani pengine asubuhi ile ataamua ahamishie ngamia wake wapi.

Naweza kupiga picha?

Omba kwanza, kila mara, hata kwa nyumba. Nyumba za Wagabra na Warendille ni fito na mikeka inayobebwa na ngamia, na mwenye nyumba ni mama aliyeijenga, kwa hiyo muulize yeye, si mume. Ukitakiwa pesa, patana kabla, kwa upole. Usipige polisi, jeshi wala kituo cha mpaka. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya anga.

Pesa na mtandao?

M-Pesa hufanya kazi miji yote. Beba noti ndogo pia. Mtandao hukatika ukiacha lami, wakati mwingine siku nzima, basi mwambie mtu nyumbani utafika wapi na lini.

Naweza kuvuka kwenda Ethiopia?

Moyale ni mji mmoja wenye serikali mbili. Kuna kituo cha pamoja cha mpaka; hakikisha una pasi na viza kabla hujafika. Ng'ambo magari hupita kulia, pesa ni birr, lakini saa zao utazipenda: wanahesabu kuanzia kucha kama sisi, na saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi.

Siku ngapi zinatosha?

Mlima peke yake, tatu. Mlima, Chalbi na ziwa, siku nane, na mbili kati ya hizo ziache bila mpango, kwa ajili ya pancha, mvua, au mwaliko wa harusi. Anayekuja na ratiba ya siku nne za kuona "yote" mimi humwambia akae nyumbani atazame video.

Nilete zawadi gani?

Sukari, majani ya chai, na kwa wazee tumbaku au buni. Usigawe peremende kwa watoto barabarani. Siku hizi wanakimbilia magari, na magari ya lami hayasimami. Madaftari mpe mwalimu.

Nikikwama huko, nifanye nini?

Usiondoke garini. Gari huonekana kutoka mbali, mtu haonekani. Kaa kwenye kivuli chake, maji kunyweni kidogo kidogo kila saa bila kusubiri kiu. Mimi hupakia lita kumi kwa kila mtu kwa kila siku ya njia, na nyingine ya radieta. Jua likipoa tandika mkeka juu ya paa la gari. Kuna mtu amekwisha kuona vumbi lenu tangu asubuhi, anashangaa mbona limesimama, na atakuja. Akifika, msalimie kwanza.